Ratiba ya machapisho ianzie kwenye daftari la mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe neno kuhusu makala iliyochapwa hivi karibuni katika ukurasa wa biashara wa gazeti hili, ambamo sisi wenye biashara ndogo tulishauriwa kuweka chapisho jipya kila siku katika mitandao ya kijamii, ikiwezekana mara mbili au tatu kwa siku, kwa hoja kwamba anayenyamaza husahaulika. Sina ugomvi na mwandishi juu ya umuhimu wa kuonekana. Wahenga walituachia kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya methali hiyo kila niliposhikwa na uvivu wa kupiga picha. Lakini mteja asiyejua kwamba chema kipo hawezi kukinunua, kwa hiyo nakiri kwamba siku hizi hata chema hakina budi kutembezwa. Ninachokipinga ni kuhesabu machapisho kana kwamba hesabu hiyo ndiyo mpango wenyewe. Kwa maoni yangu, mpango wa maudhui wa biashara ndogo unapaswa kuanzia kwenye daftari la mzigo na kwenye uwezo wa mikono iliyopo, kisha ndipo kalenda ya mtandao ifuate.

Mimi ni mshonaji wa mikoba ya ngozi. Huu ni mwaka wa 9 nikiifanya kazi hii, nikiwa na wasaidizi wawili, na sijawahi kuwa na uwezo wa kumwajiri mtu wa kushughulikia matangazo peke yake. Kwa miaka mingi nilichapisha kama wengi wetu tunavyochapisha: ikifika saa nne usiku, kazi imekwisha na macho yamechoka, nakumbuka kwamba sijaweka kitu, naokota mkoba wowote ulio karibu, naupiga picha chini ya taa, naandika maneno matatu na kwenda kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tano nachoka kabisa, zinapita wiki mbili za ukimya, halafu aibu inanirudisha. Swali la "leo niweke nini?" lilikuwa dogo kila lilipokuja, ila lilikuja kila usiku, na lilikuja saa ambayo akili imekwisha kutoa ilichonacho. Laiti makala yenu ingenikuta wakati ule, ningejilaumu kwa kukosa nidhamu, na pengine ningeongeza picha zangu mbovu kutoka moja hadi tatu kwa siku.

Bidii yangu haijaongezeka tangu hapo. Nilichobadili ni mahali pa kuanzia. Sasa nakaa asubuhi moja ya kila mwezi, kabla wateja hawajaanza kupiga simu, na kitu cha kwanza ninachokifungua ni daftari la mzigo. Naangalia ngozi iliyopo na rangi zake, zipu na vifungo vilivyobaki, oda tulizokwisha kuzipokea, na siku ambazo mmoja wetu hatakuwepo kazini. Mshonaji mmoja humaliza mkoba mkubwa kwa siku mbili, na kwa kuwa nusu ya muda wangu huishia kwa wateja na manunuzi, sisi watatu hatuwezi kutoa zaidi ya mikoba 7 kwa wiki ya siku sita. Hiyo namba 7 ndiyo inayotawala kila kitu kinachotoka kwenye ukurasa wangu, na nashangaa kwamba katika mashauri yote niliyoyasoma kuhusu mitandao, mahali pengi kabisa haulizwi mtu ana uwezo wa kuuza vitu vingapi kabla ya kuambiwa atangaze mara ngapi.

Tuchukue mfano wa kipindi ambacho wanunuzi huwa wengi, tuseme mwanzo wa muhula wa masomo, wakati ambapo watu hutafuta mikoba ya kubebea vitabu. Mkoba unatakiwa uwe mkononi mwa mteja angalau siku tatu kabla, na usafirishaji unaweza kula siku nyingine tatu au nne, maana yake mkoba wa mwisho lazima ukamilike wiki nzima kabla ya tarehe yenyewe. Nikitaka kuuza mikoba 21, nahitaji wiki tatu za kushona. Hivyo oda zinatakiwa zianze kuingia wiki nne kabla. Lakini ni nadra mtu kununua mkoba wa ngozi siku anayouona kwa mara ya kwanza. Anauangalia, anauliza bei, anapotea, anarudi na swali la rangi, anamwonyesha mwenzake, ndipo anaamua. Kwa hiyo picha ya kwanza inapaswa kutoka wiki sita kabla, wakati ambao hakuna hata mmoja anayefikiria muhula, na mimi mwenyewe nisingeifikiria kama nisingekuwa nimehesabu kurudi nyuma nikiwa na kalamu mkononi. Wiki ya mwisho, ambayo ndiyo wiki ya kelele kwa kila muuzaji, kwangu ni wiki ya kutangaza kwamba oda zimefungwa na kwamba anayeagiza sasa atapokea mkoba wake tarehe fulani. Ushauri wa kuchapisha kila siku bila kuangalia hesabu hiyo ungenifanya nipige kelele kubwa kuliko zote katika wiki ambayo sina cha kuuza.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Kuna mwaka nilianza kutangaza siku kumi tu kabla ya tarehe, picha zikapendwa, oda 30 zikaingia, na kwa furaha na hofu ya kupoteza mteja nikazipokea zote pamoja na malipo ya awali. Hesabu ya namba 7 ilikuwapo hata wakati ule, sema nilikuwa sijaiandika popote. Tulishona usiku, mishono ikapinda, mikoba 12 ikachelewa, nikarudisha fedha za watu, na baadhi ya wateja hao sijawaona tena. Yeyote aliyeutazama ukurasa wangu siku zile angesema biashara inastawi.

Baada ya mzigo, chanzo cha pili cha machapisho yangu ni maswali ya wateja. Nina kurasa chache nyuma ya daftari ambamo naandika kila swali linaloulizwa zaidi ya mara moja, kwa maneno yale yale ya muulizaji: je, ngozi hii ikinyeshewa inaharibika? Mkanda unarefushwa? Zipu ikikatika mnatengeneza? Kompyuta mpakato inaingia? Kwa nini rangi ya mkoba wangu imekoza baada ya miezi? Mwezi mmoja tu ulinipa maswali 14, na maswali hayo yalinitosha kwa karibu miezi miwili ya machapisho bila kukuna kichwa, kwa sababu mtu mmoja akiuliza kwa sauti, wapo wengine kadhaa waliojiuliza kimyakimya wakaondoka. Swali la ngozi na maji, kwa mfano, nililijibu kwa video fupi: nilimwagia mkoba kikombe cha maji, nikaufuta kwa kitambaa kikavu, nikauanika kivulini, na kesho yake nikauonyesha tena. Haikuwa na muziki wala maneno ya kuvutia. Hadi leo mtu akiuliza swali hilo namtumia ile ile. Nitaongeza hapa, ingawa ni pembeni kidogo ya hoja, kwamba tabia ya kuficha bei na kumwambia kila mtu aje inboksi hutengeneza kazi ambayo muuzaji baadaye analalamika kwamba imemzidi.

Kuhusu picha sina mengi. Nazipiga zote asubuhi moja karibu na dirisha, mikoba mitano au sita, kila mmoja kwa pande tatu na mara moja ukiwa begani mwa mtu ili ukubwa wake uonekane, kisha naziweka katika folda yenye jina la mwezi. Simu ya kawaida inatosha.

Jambo ambalo makala haikuligusa, na ambalo nadhani lingewasaidia wasomaji zaidi ya hesabu ya machapisho, ni kwamba maneno hayazeeki kwa kasi moja katika kila sehemu ya mtandao. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilionyesha picha kwa mfuatano wa muda, mpya ikiwa juu. Mwaka 2016 ikatangaza kwamba itazipanga kwa kadiri inavyokisia kuwa zitamvutia kila mtumiaji, na Facebook ilikuwa imekwisha kuacha mfuatano wa muda mtupu kabla ya hapo. Matokeo yake ni kwamba chapisho nililoliweka Jumatatu linaweza kumfikia mfuasi wangu Alhamisi. Mtu akiandika "leo tu" au "kesho tunafunga" katika chapisho la kawaida, baadhi ya watu watalisoma tangazo hilo likiwa limekwisha kuwa uongo, na watakaokuja wakakosa watamwona muuzaji kuwa mtu wa hila. Kinyume chake, stori za Instagram na sehemu ya Hali katika WhatsApp hutoweka zenyewe baada ya saa 24. Huko ndiko ninakoweka mambo ya siku: mkoba mmoja uliobaki, kuchelewa kwa mzigo, saa za kufungua. Katika ukurasa wenyewe naweka yale yatakayokuwa kweli hata baada ya mwezi. Tangu nizingatie tofauti hiyo, kupanga mapema kumekuwa rahisi, kwani machapisho ya kudumu ndiyo yanayoandalika wiki kadhaa kabla, na ya siku moja hayahitaji kuandaliwa kabisa. Hili pia limenipunguzia ile ibada ya kutafuta dakika bora ya kuchapisha, ambayo inawapotezea wenzangu muda mwingi kuliko faida wanayoipata.

Wapo watakaosema kwamba kupanga kunahitaji programu za kulipia. Si lazima. Meta Business Suite, programu ya kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, haina malipo, nayo humwezesha mwenye ukurasa wa Facebook na akaunti ya kibiashara ya Instagram kuandaa chapisho leo na kulipangia siku na saa ya kutoka. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu ya Instagram yenyewe imewaruhusu wenye akaunti za biashara kupanga machapisho hadi siku 75 mbele. Kwa WhatsApp, orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi hubeba watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake, kwa hiyo kumwomba mteja ahifadhi namba ni sehemu ya kazi na lazima kufanyike siku ile ile anayonunua. Hata hivyo, nakala kamili ya ratiba yangu iko kwenye karatasi, pamoja na namba za wateja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita, na mimi nilikuwa na oda tatu za kupeleka siku hiyo ambazo anwani zake zilikuwa ndani ya mazungumzo nisiyoweza kuyafungua.

Sitaki nionekane kama mtu anayesifu kupanga bila kuona hatari yake, kwa sababu hatari yenyewe imenipata na bado inaniuma. Miaka miwili iliyopita niliandaa machapisho ya wiki nne, yote yakitoka yenyewe, nikajiona nimemaliza. Wiki ya tatu tukapata msiba wa nyumbani, tukafunga kazi kwa siku nane, na katika siku hizo hakuna aliyekumbuka simu. Ukurasa wangu ukaendelea kuchangamka peke yake: "Karibuni sana, tupo kwa ajili yenu", na picha ya mkoba mwekundu, siku ambayo tulikuwa makaburini. Baadhi ya jamaa waliona wakadhani nafanya biashara katikati ya msiba. Wateja waliouliza hawakujibiwa, na mmoja akaandika hadharani kwamba tunatangaza lakini hatupokei simu, jambo ambalo kwa upande wake lilikuwa kweli tupu. Niliporudi nilichukua siku mbili kuomba radhi kwa watu wa aina mbili tofauti kwa kosa moja.

Tangu hapo nafanya mambo ambayo nayaona ni ya lazima kuliko ratiba yenyewe. Sipangi kwa zaidi ya wiki mbili mbele ndani ya mfumo, hata kama karatasi yangu imejaa mwezi mzima. Mmoja wa wasaidizi wangu amepewa ruhusa ya kusimamia ukurasa, kwani Facebook huruhusu kumpa mtu mwingine ruhusa hiyo bila kumpa nywila, na anajua kwamba likitokea la kutokea, kazi yake ya kwanza ni kusimamisha kila kilichopangwa. Tena hakuna chapisho linalopangiwa saa ambayo hakuna mmoja wetu wa kujibu. Hapa natofautiana hata na wale wanaoungana nami katika kupanga, maana husifu mifumo hii kwa kusema kwamba inafanya kazi ukiwa umelala. Mfumo hutoa chapisho. Haujui kama ngozi ya kahawia imebaki, wala haujui kwamba anayeuliza bei saa tano usiku akijibiwa kesho mchana huenda amekwisha kununua kwingine. Ndiyo maana machapisho yangu mengi hutoka asubuhi baada ya kufungua kazi, na saa moja inayofuata imetengwa katika ratiba kwa ajili ya majibu, kama ilivyotengwa saa ya kukata ngozi.

Hoja ya vijana wanaonisaidia ni kwamba kupanga kunaua uchangamfu, na kwamba biashara inayoandika mambo yake wiki mbili kabla haiwezi kudandia kinachovuma leo. Nimewasikiliza, na wana haki kwa sehemu. Kwa wiki naweka machapisho matatu: mawili yamepangwa, na nafasi ya tatu iko wazi kwa lolote litakalojitokeza, iwe mteja amerudi na mkoba wa miaka sita aliotaka ushonwe upya, au msaidizi amechekesha akiwa mashineni. Nafasi hiyo mara nyingine hubaki tupu na hakuna aliyewahi kulalamika. Juu ya kudandia yanayovuma nina mashaka zaidi, kwa kuwa akaunti za biashara katika TikTok haziruhusiwi kutumia kila wimbo unaopendwa, zina maktaba yake ya muziki ulioidhinishwa kwa matumizi ya kibiashara, na mara nyingi kinachovuma ni wimbo wenyewe. Aidha, sioni aibu kurudia. Chapisho lililojibu swali vizuri mwaka jana nalitoa tena mwaka huu likiwa na picha mpya, kwani wengi wa wafuasi wa leo hawakuwepo, na waliokuwepo wengi hawakuliona.

Kilichobaki ni kupima, na hapa nitakuwa mfupi. Kila anayenunua namuuliza swali moja, alituona wapi na aliona nini, na jibu naliandika pembeni ya oda yake. Kwa njia hiyo nimegundua kwamba picha zilizopendwa na watu wengi zaidi zilikuwa za mkoba mdogo wa rangi ya zambarau ambao nimeuza mara nne tu, ilhali ile video ya maji, ambayo haikupata sifa yoyote, ndiyo inayotajwa mara kwa mara na watu waliolipa. Nisingeuliza, ningekuwa nashona mikoba ya zambarau.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa biashara utakapolirudia somo hili, kama nitumainivyo, mwandishi awatafute wenye biashara za watu wawili au watatu, kinyozi, fundi wa samani, mwuza miche, mrekebishaji wa saa, na awaulize kwanza wana uwezo wa kuhudumia wangapi kwa wiki, halafu awaonyeshe jinsi ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mteja hadi siku ya chapisho la kwanza. Kuna wasomaji wako ambao wamekwisha kuikata ile makala na kuibandika ukutani, nami namfahamu mmoja. Ameanza kuchapisha mara tatu kwa siku, na jana aliniuliza kama ninaweza kumsaidia kushona oda zake.

Wako katika kazi,
Mshonaji wa mikoba